Kwa nini lenzi pana huvuta vichwa vya watu walio pembeni mwa picha

SWALI: "Napiga picha za nyumba za kale za Lamu kwa ajili ya wenyeji wanaozikodisha kwa wageni, na mara moja moja hupiga harusi. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo nilinunua lenzi ya milimita 14 ya kutumia na kamera yangu yenye sensa ya milimita 36 kwa 24. Tatizo ni kwamba watu walio pembeni wanatoka na vichwa vipana, mtungi unakuwa kama yai, na kona za picha zina giza. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu lenzi ni ya bei nafuu, na kwamba nikinunua ile ya jicho la samaki nitapata chumba kizima bila kasoro. Nimejaribu pia kuunganisha picha kadhaa kuwa panorama, lakini nguzo za kitanda zinakatika pale picha zinapoungana. Je, lenzi yangu ni mbovu? Ninunue nini ili nipate picha pana isiyopotosha?"

JIBU:

Ndugu msomaji, swali lako limebeba hofu tatu: kwamba lenzi yako ni mbovu, kwamba ipo lenzi nyingine ambayo haina kasoro hizo, na kwamba njia ya kuunganisha picha imekushinda. Kuhusu la kwanza, hakuna dalili hata moja uliyoitaja inayonifanya niishuku lenzi yako. La pili si kweli, na rafiki yako asikuingize katika gharama kwa ajili yake. La tatu lina dawa, na dawa hiyo ni ya bei ndogo kuliko lenzi mpya.

Nianze na chumba chenyewe, kwa sababu ndicho kilichokusukuma kununua lenzi hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliompangia fundi upana wa chumba: kwa kawaida hauzidi mita 3, ilhali urefu wa chumba unaweza kuwa mara mbili ya hapo au zaidi. Ukisimama katikati, kila ukuta uko umbali wa mita moja na nusu au pungufu. Ili kuta mbili, dari na sakafu ziingie katika picha moja, kamera inalazimika kuona pembe inayozidi digrii 90, na katika pembe za namna hiyo jometri huanza kudai gharama ambazo katika picha ya kawaida ni ndogo mno kuonekana.

Mwanga huifikia kamera kutoka pande zote zilizo mbele yake, na ukizifikiria pande hizo kwa pamoja zinaunda tufe lililoizunguka nukta moja, yaani mahali kamera inapotazamia. Sensa, yaani kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni bapa. Kazi ya msanifu wa lenzi pana ni kuihamisha sehemu kubwa ya tufe hilo na kuilaza kwenye ubapa, na mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba jambo hilo haliwezekani bila kubadilisha vipimo. Chukua mpira wa watoto uliokatwa nusu, ujaribu kuulaza bapa mezani: ama utauvuta kingo zake hadi zipanuke kuliko zilivyokuwa, ama katikati itajikunja. Wachora ramani wamepambana na shida hiyohiyo kwa karne nyingi, ndiyo maana katika ramani nyingi za ukutani Greenland huonekana kubwa karibu sawa na Afrika. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia lenzi inayoikwepa, hata ulipe kiasi gani. Kinachoweza kuchaguliwa ni kipi kipotoshwe ili kipi kisalie sahihi.

Lenzi yako imechagua kuilinda mistari iliyonyooka. Boriti iliyonyooka darini itanyooka katika picha, na fremu ya mlango itabaki na pande zilizonyooka. Ili kutimiza ahadi hiyo, msanifu hufuata kanuni moja tu: umbali wa taswira ya kitu kutoka katikati ya sensa ni sawa na urefu wa fokasi (zile milimita 14 za lenzi yako) ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe ambayo kitu hicho kiko kutoka kwenye mhimili wa lenzi, yaani mstari unaopita katikati yake. Tanjenti hukua taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi, na pembe inapofika digrii 90 haina kikomo, ndiyo sababu hakuna lenzi ya aina hii inayoweza kuona digrii 180. Kwa milimita 14, ukingo wa kulia wa sensa uko milimita 18 kutoka katikati, na hiyo ni pembe ya takriban digrii 52, hivyo upana wote wa picha yako ni digrii 104. Penye ukingo huo taswira ya kitu kidogo huvutwa mara 2.65 kuelekea nje, huku ikivutwa mara 1.63 tu kwenda juu na chini. Upana wa kichwa cha mgeni aliyekaa pale, ukilinganishwa na kimo chake, utazidi uhalisi kwa zaidi ya nusu. Kwa lenzi ya milimita 24 ukingo uko kwenye digrii 37, na ongezeko hilo la upana ni robo tu, kiasi ambacho watu wengi hukivumilia bila kujua.

Sasa fikiria jambo ambalo hata wapiga picha wazoefu hulisahau. Picha yako haidanganyi ikitazamwa kutoka mahali pake. Ichapishe kwa upana wa sentimita 36, yaani mara 10 ya sensa, kisha weka jicho moja sentimita 14 mbele ya katikati yake: kutoka hapo kichwa cha pembeni unakitazama kwa mshazari, na ule upana wa ziada unajifuta wenyewe. Shida ni kwamba hakuna mtu anayetazama picha kwa sentimita 14. Wengi hata hawawezi kuona vizuri kwa ukaribu huo. Mgeni wako anaiona kwenye simu iliyo mbali mara nyingi zaidi ya inavyopaswa, na akili yake inaisoma kana kwamba ilipigwa kwa lenzi ya kawaida. Chapa ile ile kwa upana wa mita 3.6 ukutani, na mtu aliyesimama mita 1.4 kutoka hapo atahisi yumo chumbani.

Kwa hiyo lenzi ya bei mara kumi, ikiwa ni ya milimita 14 na ya kulinda mistari, ingempa mgeni wako kichwa kipana vilevile, milimita kwa milimita. Kinachonunuliwa kwa pesa nyingi ni mambo mengine: ukali wa picha kwenye kona, kutokuwepo kwa mistari ya rangi kwenye kingo za vitu vyeusi vilivyo mbele ya dirisha angavu, na uwezo wa kustahimili jua linapopiga kioo cha mbele. Hayo yana thamani yake. Lakini hukuyalalamikia.

Giza la kona nalo asili yake ni jometri, ingawa hapa wasanifu wamepata ushindi mkubwa wa kusimuliwa. Katika mfumo sahili kabisa, mwanga unaofika kwenye sensa hupungua kwa kosaini ya pembe ikizidishwa yenyewe mara nne. Sababu zake zinaeleweka: kwenye kona mwanga umesafiri mbali zaidi, unaipiga sensa kwa mshazari, na tundu la lenzi likitazamwa kutoka upande huonekana jembamba. Kona ya picha yako iko kwenye digrii 57, na hesabu inasema ingepata chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa katikati. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, kazi ya Emil von Höegh, yenye vioo viwili vyembamba vilivyopinda kama maganda ya yai yanayotazamana na kuona takriban digrii 135. Giza la kona lilikuwa kubwa kiasi kwamba mbele ya lenzi iliwekwa gurudumu dogo lenye umbo la nyota, lililozungushwa kwa hewa ya kubinya puto la mpira ili lizuie mwanga wa katikati kwa sehemu ya muda, kona zipate kushiba. Ninaiheshimu sana kazi ile, kwa sababu vioo viwili tu, vikipangwa kwa ulinganifu mbele na nyuma ya tundu, viliweka mistari sawa kuliko lenzi nyingi za leo.

Dawa bora zaidi ilitoka Urusi ya Kisovyeti katika miaka ya 1940. Mikhail Rusinov, aliyesanifu lenzi za kupigia ramani kutoka angani, aliweka vioo vikubwa vya mbonyeo, yaani vinavyotawanya mwanga, mbele na nyuma ili miale ya pembeni ipindwe kabla haijafika kwenye tundu, na tundu likionekana kutoka pembeni lisiwe jembamba tena. Msanifu mwenzake Ludwig Bertele alifuata mkondo huo katika lenzi za Biogon za kampuni ya Zeiss. Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako kwenye lenzi yako mwenyewe: itoe kwenye kamera, elekeza nyuma yake dirishani, tazama kupitia kioo cha mbele, kisha uigeuze polepole kando. Duara la mwanga lililo ndani halijifungi kama mlango unaofungwa. Linakufuata, linasogea mbele na kuelekea upande wako, na kwa kiasi fulani linabaki nene. Duara hilo ndilo mboni ya lenzi. Likumbuke, kwa sababu ndilo litakalotatua tatizo la nguzo za kitanda. Giza linalosalia huondolewa na programu ya kuhariri picha inayoitambua lenzi yako, kwa gharama ya chembechembe kidogo kwenye kona, na gharama hiyo hupungua ukipiga kwa stendi na kuacha lenzi wazi muda mrefu badala ya kupandisha hisia ya sensa (ISO).

Bado hatujazungumzia kasoro ambayo ni ya lenzi kweli. Kamera zenye kioo cha kuakisi ndani zilihitaji nafasi ya zaidi ya milimita 40 kati ya sensa na mahali lenzi inapofungwa, na lenzi ya milimita 14 iliyosanifiwa kwa ulinganifu ingelazimika kuingia ndani kabisa na kugonga kioo hicho. Ufumbuzi, ambao Pierre Angénieux wa Ufaransa aliuingiza sokoni mwaka 1950, ni kuweka kundi la vioo vya mbonyeo mbele na kundi la vioo vya mbinuko, vinavyokusanya mwanga, nyuma, ili taswira ijengeke mbali nyuma ya lenzi. Hicho ndicho chanzo cha kile kioo cha mbele kilichotuna na ambacho hakipokei kichujio cha kawaida. Mpangilio huo umevunja ulinganifu, na ulinganifu ukivunjika mistari ya pembeni huanza kutuna kuelekea nje. Kamera za sasa zisizo na kioo hicho cha kuakisi zina nafasi ya milimita 16 hadi 20 tu, na zimewarudishia wasanifu sehemu ya uhuru wao, ingawa wengi wameamua kuuacha mtuno huo ndani ya lenzi na kuiachia programu kazi ya kuunyoosha. Dari zako ni kipimo kizuri cha jambo hili. Simama mwisho mmoja wa chumba, kamera ikiwa sawa kabisa na isielekezwe juu wala chini, na uhakikishe boriti moja inakatiza karibu na ukingo wa juu wa picha. Boriti za mikoko zina mpindo wake wa asili, kwa hiyo usiamini moja peke yake. Zitazame kadhaa, na ulinganishe na mstari ambapo ukuta unakutana na dari. Kama zote zinatuna kwa namna moja kuelekea juu, washa marekebisho ya lenzi katika programu yako. Kama zimetulia, lenzi inatimiza ahadi yake.

Sasa niligeukie jicho la samaki. Jina hilo lilitumiwa na mwanafizikia Mmarekani Robert Wood mwaka 1906, alipotengeneza kamera iliyojaa maji ili kuonyesha jinsi samaki anavyoona anga lote la juu likiwa limebanwa katika koni ya takriban digrii 97. Katika miaka ya 1920 Robin Hill wa Cambridge alisanifu lenzi ya kupiga picha anga zima ili kuchunguza mawingu, na kile kioo chake kikubwa cha mbonyeo kilicho mbele bado kinaonekana katika kila lenzi ya aina hii leo. Mwaka 1972 Nikon iliuza ya milimita 6 iliyoona digrii 220, yaani hata nyuma yake kidogo, na uzito wake ulikuwa zaidi ya kilo 5.

Lenzi hizi hazifuati tanjenti. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kamera kama yako hufuata kanuni inayolinda eneo: umbali kutoka katikati ni mara mbili ya urefu wa fokasi ukizidishwa kwa saini ya nusu ya pembe. Tofauti ni kubwa ajabu. Lenzi ya milimita 15 ya kulinda mistari huona takriban digrii 110 kutoka kona hadi kona, lakini ya jicho la samaki yenye milimita 15 hizohizo huona 180. Vichwa vya watu havivutwi kwenda nje. Pale kwenye digrii 52 vinabanwa kwa karibu sehemu moja ya tano. Gharama yake unaijua tayari: kila boriti isiyopita katikati ya picha inageuka upinde, na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, unakuwa kama tumbo la chombo. Rafiki yako, kwa hiyo, amekushauri ubadilishe gharama moja kwa nyingine akidhani unaifuta.

Hata hivyo kuna hoja moja ya kitaalamu inayompa haki kidogo. Lenzi inayolinda mistari hutumia sensa vibaya. Kwa sensa yenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 6,000 kwa upana, lenzi yako hutoa pikseli 41 kwa kila digrii katikati na pikseli 108 kwa kila digrii ukingoni, yaani inamwaga pikseli nyingi zaidi pale ambapo vioo vyake ni dhaifu zaidi. Jicho la samaki hugawa karibu kwa usawa. Wapo wasanifu waliochukua hatua nyingine na kuufanya upotoshaji kuwa chombo cha kazi: Simon Thibault wa Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, na kampuni ya ImmerVision ya Montreal, wamekuza lenzi za panorama ambazo kwa makusudi hupeleka pikseli nyingi kwenye ukanda unaohitajika, kwa mfano upeo wa macho badala ya dari, kisha programu inayoijua kanuni ya lenzi hiyo huirudisha picha katika umbo lake. Mhungaria Pál Greguss alibuni kipande kimoja cha kioo kinachopinda mwanga mara mbili na kuuakisi mara mbili, na kutoa taswira ya pete yenye digrii 360 kuzunguka, ikiwa na doa pofu katikati. Hizo ni lenzi za kamera za ulinzi, roboti na uchunguzi wa ndani ya mabomba. Haziwezi kukusaidia kupiga picha ya chumba cha wageni, lakini zinaonyesha kwamba wasanifu hao wanauona upotoshaji kuwa kitu cha kupangwa.

Tuje kwenye nguzo za kitanda. Nguzo hazikatiki kwa sababu ya programu mbaya, bali kwa sababu kamera yako ilihama kati ya picha moja na nyingine bila wewe kujua. Stendi ya kawaida huizungusha kamera kwenye tundu la skrubu lililo chini yake, wakati mahali lenzi inapotazamia kwa kweli ni ile mboni niliyokuambia uitazame, ambayo katika lenzi pana sana hukaa karibu na kioo cha mbele. Tuseme mboni iko sentimita 10 mbele ya mhimili wa kuzungukia. Ukigeuza kamera digrii 60, mboni inahama sentimita 10 kamili. Kwa nguzo iliyo sentimita 70 kutoka kwenye kamera, mbele ya ukuta ulio mita 1.4, hama hiyo huisogeza nguzo kwa takriban digrii 4 ikilinganishwa na ukuta, na kwa jicho la samaki la milimita 15 hiyo ni karibu pikseli 180. Hakuna programu inayoweza kuficha kosa la ukubwa huo, maana picha mbili zinaonyesha vipande viwili tofauti vya ukuta nyuma ya nguzo ileile. Piga panorama ya bandari ukiwa ufukweni, kitu cha karibu kikiwa mita 50, na hama hiyohiyo inakuwa pikseli 5 tu. Ndiyo sababu panorama za pwani hutoka safi hata zikipigwa kwa mkono.

Unachohitaji ni kichwa cha panorama, yaani reli mbili zinazokuwezesha kuirudisha kamera nyuma hadi mboni ikae juu ya mhimili wa kuzungukia. Wauzaji wengi wataiita sehemu hiyo nukta nodi; ni kosa la miaka mingi, na ukiitafuta nukta nodi kwenye kitabu cha fizikia utaiweka kamera mahali pasipofaa. Tafuta mboni kwa majaribio. Simamisha fimbo nyembamba karibu, ilingane na ukingo wa mlango ulio mbali, kisha zungusha kamera na uangalie kama vinaachana. Ukigeuza kamera kulia na fimbo ikaonekana imesogea kushoto kwa ukingo wa mlango, mboni iko mbele ya mhimili, kwa hiyo rudisha kamera nyuma. Uliona pia kwamba mboni ya lenzi pana husogea kadiri pembe inavyoongezeka. Kwa hiyo usifanye jaribio hili kitu kikiwa katikati ya picha. Ukipanga kugeuza kamera kwa hatua za digrii 60, mshono utaangukia digrii 30 kutoka katikati ya kila picha, na ni kwenye digrii 30 hizo, kulia na kushoto, fimbo na mlango vinapaswa kulingana. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini kifaa cha gharama bado kinawaletea mishono mibaya.

Picha zikishaungana, programu itakuuliza uzilaze kwa kanuni gani, na hapo unakuwa msanifu wewe mwenyewe. Hugin, ambayo ni ya bure, inakupa kanuni nyingi. Ya silinda ndiyo iliyotumiwa na kamera za panorama za mwisho wa karne ya 19, kama Al-Vista ya 1898, ambazo lenzi yake iligeuka huku filamu imepinda nusu duara: nguzo zinabaki wima, watu hawanenepi, lakini mistari ya mlalo inapinda. Kwa vyumba vyako napendekeza ujaribu kwanza ile inayoitwa Panini, iliyopewa jina la mchoraji wa Roma wa karne ya 18 aliyechora ndani ya makanisa na majumba makubwa. Huiacha mistari ya wima ikiwa imenyooka, na pia mistari yote inayokimbilia katikati ya picha. Katika chumba kirefu na chembamba kinachotazamwa kutoka mwisho mmoja, mistari hiyo ndiyo pale kuta zinapokutana na dari na sakafu, kwa hiyo umbo la chumba linasimama imara wakati mtungi ulio pembeni unabaki karibu na uviringo wake. Boriti zinazokatiza zitapinda kidogo, na programu ina kidhibiti cha kuzikaza. Zikaze nusu tu, maana ukizikaza kabisa vichwa vinaanza kunenepa tena.

Ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekuambia usinunue lenzi yoyote kwa sasa. Baki na ya milimita 14, weka kamera sawa, na uwaweke watu na vitu vya mviringo karibu na katikati, ukiziachia pembeni kuta na milango ambayo haidhuriki kwa kuvutwa. Harusini, kwa picha za kundi, rudi kwenye milimita 24 au zaidi, hata kama ni lazima mpange watu kwa mistari miwili. Nunua kichwa cha panorama. Kama baadaye wateja wako watataka matembezi ya digrii 360 ya nyumba nzima, hapo jicho la samaki litastahili bei yake, kwa sababu kwa picha sita za kuzunguka, moja ya dari na moja ya sakafu unapata panorama ya karibu pikseli 15,700 kwa upana, wakati kwa lenzi uliyonayo dari peke yake itahitaji picha zaidi ya moja. Kamera ndogo zenye lenzi mbili zilizopeana mgongo hufanya kazi hiyo kwa mbofyo mmoja, na kwa mwenye nyumba anayetaka kuonyesha mpangilio wa vyumba zinatosha. Lakini nyingi hutoa pikseli chache zaidi kwa kila digrii, na kwa kuwa lenzi zake mbili haziko mahali pamoja, ugonjwa wa nguzo utaurudia kwenye mshono wake ikiwa kitu kiko karibu. Zigeuze ili mshono uangukie ukuta mtupu.

Nina ombi moja pia. Picha ya milimita 14 hukifanya chumba cha mita 3 kionekane ukumbi, na mgeni anayelipa kutoka mbali hana njia ya kujua. Katika tangazo, weka angalau picha moja ya milimita 24 yenye kitanda au mlango karibu na katikati, ili macho yake yapate kipimo cha kweli.

Kuna hali tatu ambazo hazitibiki kwa maelezo ya maandishi. Ya kwanza ni kona moja kuwa hafifu kuliko nyingine tatu. Ipime kwa kitu cha mbali, kwa mfano mlingoti wa jahazi lililotia nanga, ukiuweka katika kila kona kwa zamu, tundu likiwa wazi kabisa na fokasi haijaguswa. Kona moja ikikataa kila mara, kioo kimojawapo ndani kimehama au kimeinama, na hilo hurekebishwa na fundi mwenye kolimeta, kifaa cha kupimia ulinganifu wa vioo, si kwa bisibisi ya nyumbani. Ya pili ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika unyevu wa pwani: pitisha mwanga wa tochi kutoka nyuma ya lenzi katika chumba chenye giza, na ukiona nyuzi zilizotawanyika kama utando ndani ya vioo, itenge na lenzi zako nyingine na uipeleke mapema, kwa kuwa kuvu ikikaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo na alama yake haitoki. Ya tatu ni lenzi iliyoanguka, hata kama haina mkwaruzo. Ukienda kwa fundi, chukua kamera yako pamoja na zile picha nne za mlingoti bila kuzihariri, kwa sababu wakati mwingine kilichoinama si lenzi bali ni mahali inapofungwa kwenye kamera.